Theluji Si Jivu, na Uso Si Kivuli

Mpwa wangu anayefanya kazi Toronto, huko Kanada, alimpelekea mama yangu picha yake ya kwanza akiwa katika theluji. Mama yuko Mombasa, Mji wa Kale, na katika umri wake wote hajapata kuona theluji ila ile inayoganda ndani ya friji. Alivaa miwani, akaitazama picha ile kwa kitambo, kisha akauliza: “Jivu lote hili limetoka wapi? Na huyu aliyesimama mbele ni nani?”

Waliokuwapo walicheka. Mimi, niliyekuwa nimeteremka kutoka Eldoret kumjulia hali, sikucheka. Kazi yangu ni kupiga picha, nami nilijua kwamba mama ameona sawasawa. Theluji ilikuwa ya kijivu kweli, na uso wa mjukuu wake ulikuwa doa jeusi lisilo macho wala pua. Kijana alisafiri bahari mbili ili ajitafutie riziki, akampelekea bibi yake salamu, na salamu zenyewe zikafika bila mwenyewe.

Huenda ndugu msomaji wa pwani akasema: theluji ni ya Wazungu, sisi inatuhusu nini? Basi na anivumilie kidogo, maana neno hili lina mlango wa kuingilia hata nyumbani kwake.

Mji huu wa Eldoret, ambao wenyeji huuita Sitini na Nne kwa namba ya kiwanja chake cha zamani, uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya Julai ya huku anaijua yule aliyekuja na kanzu moja. Theluji haituangukii, lakini mvua ya mawe ni mgeni wetu wa mara kwa mara, na vilima vya Nandi vilivyo jirani ni miongoni mwa mahali panapopigwa mno na mvua hiyo katika dunia nzima. Ikipita, ardhi huwa nyeupe pepepe kwa nusu saa, watoto hukimbilia nje, na watu hutoa kamera zao. Picha zikitoka, ardhi ni jivu.

Tena ni mji huu uliomtoa Philip Boit. Alikuwa mkimbiaji kama wenzake wengi wa huku, kisha mwaka 1996 akapelekwa Finland kujifunza mbio za kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zifungwazo miguuni. Februari 1998 alisimama Nagano, Japani, Mkenya wa kwanza kushindana katika Olimpiki ya majira ya baridi. Katika mbio za kilomita 10 alikuwa wa mwisho, yapata dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwe. Lakini Dæhlie hakwenda zake. Alimngoja pale penye mstari mpaka akafika, akamkumbatia. Picha za kumbatio lile zilizunguka dunia, na Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie.

Sasa hebu jiweke mahali pa mpiga picha aliyesimama pale. Mbele yake kuna ardhi nyeupe, uso mweupe na uso mweusi, vyote katika picha moja. Akiiachia kamera iamue yenyewe, Boit atapotea ndani ya picha inayomhusu. Hapo ndipo penye shauri langu, nami nalisema wazi: kamera ni mtumishi mwema lakini ni hakimu mbaya, na mpiga picha anayeipa hukumu juu ya weupe na weusi ameiacha kazi yake.

Sababu yake si ya uchawi. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui theluji ni nini. Kimefundishwa neno moja tu: kwamba kila kinachotazamwa, ukichanganya vyeupe vyake na vyeusi vyake, hurudisha mwanga wa kadiri, yapata asilimia 18 ya ule unaokiangukia. Kwa majani, njia ya vumbi au ukuta wa udongo, hesabu hiyo hukaribia kuwa sawa. Lakini theluji mpya hurudisha asilimia 80 au zaidi. Kamera ikipigwa na mwanga mwingi namna hiyo hudhani kuwa jua limezidi, basi huubana mwanga mpaka kile cheupe kikashuka kuwa kijivu. Na uso wa mtu mweusi, uliokuwa chini ya theluji tangu mwanzo, hushuka pamoja nayo mpaka shimoni.

Dawa ni kuikaidi. Wapiga picha huhesabu mwanga kwa stopu. Ukiongeza stopu moja umeuzidisha mara mbili, ukiongeza mbili umeuzidisha mara nne. Theluji ikiwa katika jua, ongeza kati ya stopu moja na nusu na mbili juu ya kile kamera inachokuambia. Siku ya mawingu, moja huenda ikatosha. Lakini usipite kiasi. Theluji ikizidishiwa mwanga, nyayo na mikunjo yake hufutika, ikabaki karatasi tupu, na kwa kamera za dijitali kilichofutika hivyo hakirudi tena.

Iko njia nyingine niipendayo zaidi, nayo haina gharama: kiganja chako. Kielekeze kule uliko uso wa unayempiga, katika mwanga uleule, sogeza kamera mpaka kiganja kiijaze, pima hapo, kisha ongeza stopu moja. Mwenyezi Mungu ametuumba kwa rangi mbalimbali, lakini viganja vya wanadamu vinakaribiana sana. Kisha mgeuze mtu wako aelekee kwenye mwanga. Theluji yenyewe itamrudishia nuru kutoka chini, kama shuka jeupe lililotandikwa miguuni pake.

Na rangi? Theluji iliyo kivulini huangaziwa na mbingu, wala si jua, kwa hiyo kamera huiona ya samawati. Wengine huona hilo ni kosa na kulifuta lote. Mimi nasema liachwe kidogo, kwa sababu ule usamawati ndio baridi yenyewe. Ukiuondoa wote, theluji itafanana na chokaa. Lakini iliyo juani na iwe nyeupe, na uso wa mtu usiwe wa samawati kamwe, asije akafanana na maiti. Enzi ya filamu tulitia kioo chenye wekundu kidogo mbele ya lenzi. Leo mtu huiambia kamera tu kuwa yuko kivulini, nayo huipasha rangi moto.

Kukataliwa kwa weupe wa theluji si jambo geni kwetu. Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai karibu na Mombasa, aliona kilele cha Kilimanjaro kikimeta. Kiongozi wake wa njia aliuita weupe ule “baridi”, basi, na neno hilo moja lilitosha. Lakini William Cooley, mwanajiografia wa London ambaye hakukanyaga huku, alikataa katakata kuwa kuna theluji karibu na ikweta, ingawa safari za Baron von der Decken za 1861 na 1862 zilithibitisha. Kipimo cha kamera ni Cooley mdogo: kina kanuni yake, na jicho la aliyepo halikishughulishi.

Sasa turudi nyumbani. Marundo ya chumvi ya Gongoni, mchanga wa Diani, kuta za chokaa za Lamu, hizo ndizo theluji zetu. Na kubwa kupita zote ni sala ya Idd: safu kwa safu za kanzu nyeupe chini ya jua la asubuhi. Ni picha ngapi za Idd ulizonazo kabatini ambamo kanzu ni za kijivu na nyuso za wazee hazitambulikani? Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam na kufariki katika ajali ya ndege huko Komoro mwaka 1996, alichapisha mwaka 1978 kitabu cha picha za Hija. Afikiriye ugumu wa kazi ile na aufikirie umati wa ihramu katika jua la Makka. Mabuibui nayo ni kinyume chake: kamera huona giza, huongeza mwanga, na nguo nyeusi ya heshima ikatoka kama iliyopauka. Hapo mwanga hupunguzwa.

Tena tusisahau kuwa vyombo hivi havikutengenezwa kwa kututazama sisi. Kwa miaka mingi maabara zilizosafisha filamu za rangi zilisawazisha mitambo yao kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu, maarufu kwa jina la Shirley. Uso wake ukitoka vyema, kazi imekamilika.

Watanijibu kuwa simu za leo zimekwisha yatengeneza yote hayo. Ni kweli zinautambua uso na kuuongezea mwanga. Lakini nyingi zina na ugonjwa wa pili: humlainisha mtu na kumng'arisha mpaka akageuka rangi, na wako wanaolipenda hilo. Mimi silipendi. Kumpa mtu mwanga wa kutosha si kumfanya mweupe. Ni kumfanya aonekane alivyo. Anayemzamisha mtu gizani na anayempaka weupe asiokuwa nao, wote wawili wamempoteza.

Nilimwandikia mpwa wangu habari ya kiganja. Haukupita mwezi akaleta picha ya pili. Theluji ilikuwa nyeupe, yenye nyayo zake, na uso wake ulikuwa wa maji ya kunde kama alivyozaliwa. Mama akavaa miwani. Safari hii hakuuliza ni nani. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema: “Mbona mwanangu amekonda hivi? Mpigieni simu.”