Lenzi ya Babu kwenye Kamera ya Mjukuu

Nasema hivi na nitaendelea kusema: kijana anayeanza kupiga picha leo, tena kwa pesa zake mwenyewe, asikimbilie lenzi mpya ya laki moja. Atafute kwanza lenzi ya zamani, ile ya kuzungusha kwa mkono, anunue adapta, aifunge kwenye kamera yake ya dijitali na apige nayo mwaka mzima. Najua wapiga picha wa harusi watanirukia. Waje tu, chai ipo, lakini wanisikilize kwanza.

Wengi hudhani kufunga lenzi ya miaka ya 1970 kwenye kamera ya leo ni uchawi. Si uchawi, ni hesabu ya kutoa. Kila aina ya kamera ina umbali maalum kati ya pale lenzi inapofungiwa (tupaite maunti) na pale picha inapotua, yaani kwenye filamu zamani na kwenye sensa siku hizi. Aliyeunda lenzi aliiunda kwa umbali huo. Ukiuzidisha hata kwa milimita moja, vitu vya mbali kama Mlima Longonot ukiwa Naivasha havitaingia katika fokasi kamwe, zungusha utakavyo.

Sasa chukua maunti ya M42, ile ya kukaza kwa hesi kama kifuniko cha chupa. Umbali wake ni milimita 45.46. Wa Sony E ni milimita 18. Toa, unabaki na 27.46. Basi adapta yako ni bomba la aluminiamu lenye urefu huo, upande mmoja hesi, upande wa pili meno ya Sony. Haina kioo wala saketi wala betri. Fujifilm X ni 17.7 na Nikon Z ni 16, kwa hiyo nafasi ipo tele. Shida iko kwenye zile kamera zenye kioo cha kuinuka ndani. Canon EF ni 44, kwa hiyo adapta ni kipete chembamba cha milimita 1.46 na kazi inaendelea. Nikon F ni 46.5, yaani umeshapita kabla hata hujaanza, na dawa yake ni adapta yenye kioo cha kurekebisha ambacho mara nyingi hupunguza ukali wa picha. Mwenye Nikon ya aina hiyo, pole, ingawa lenzi za Nikon zenyewe za kuanzia 1977 zinaingia hapo bila adapta yoyote. (Kwenye zile kamera za bei ya chini, utapima mwanga mwenyewe.)

Sasa niongee kama mtu wa programu. Sisi tunajua maana ya kiolesura, yaani makubaliano ya jinsi vitu viwili vitakavyokutana. Kiolesura cha M42 unaweza kukiandika nyuma ya risiti ya supamaketi: kipenyo milimita 42, hesi ya milimita 1 kwa kila mzunguko, umbali milimita 45.46. Basi. Wajerumani wa Dresden walikitumia kwenye Contax S mwaka 1949, Wajapani wakakiweka kwenye Asahi Pentax mwaka 1957, Warusi wakakitumia kwenye Zenit. Leo fundi yeyote mwenye mashine ya kukereza chuma anaweza kutengeneza adapta bila kumpigia mtu simu.

Lenzi ya kisasa je? Ina kompyuta ndani, inaongea na kamera kupitia vituo vidogo vya shaba, na lugha wanayoongea ni ya mwenye kampuni. Sony walitangaza mwaka 2011 kwamba wangewapa watengenezaji wengine maelezo ya msingi ya maunti ya E bila malipo, na ndiyo maana leo lenzi za E za watengenezaji wengine zimejaa sokoni. Canon walikwenda njia nyingine. Mwaka 2022 kampuni ya Uchina, Viltrox, iliacha kuuza lenzi zake za kujilenga za maunti ya RF, na Canon wakathibitisha kwamba waliitaka isitishe kwa kuwa wanaamini zinavunja hataza zao. Mpaka 2024 ndipo Sigma na Tamron walipotangaza lenzi za RF kwa leseni, tena zile za sensa ndogo. Ni haki yao kisheria, sibishi. Lakini wewe uliyenunua kamera kwa mkopo wa sako, fahamu kwamba kuna mtu mwingine aliyeamua utachagua lenzi zipi.

Tena kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Kwenye lenzi nyingi za kisasa, ile pete ya fokasi unayoizungusha haijashikana na kioo hata kidogo. Inatuma ishara tu, na injini ndiyo inayosogeza kioo. Saketi ikifa, pete inazunguka bure. Helios 44-2 yangu, milimita 58 ya f/2, ni shaba, aluminiamu na grisi. Grisi ikikauka, fundi wa saa mwenye subira anaweza kuifungua.

Helios hiyo Warusi waliijenga juu ya mchoro wa Biotar ya Zeiss, wakaitoa kwa mamilioni, ndiyo maana bei bado ni ya kibinadamu. Yangu pamoja na adapta havikufika shilingi elfu kumi. Ukipiga uso wa mtu mbele ya majani ya miti kwa f/2, yale majani ya nyuma yanakuwa kama yanazunguka. Wengine huiita dosari. Mimi naipenda.

Haya, wapiga picha wa harusi, zamu yenu. Mna haki kabisa. Bwana harusi hatarudia kuvisha pete kwa sababu wewe bado unazungusha. Mtoto anayekimbia utamkosa mara nne kati ya tano. Jua likiingia mbele ya lenzi, picha inafifia kama nguo iliyofuliwa kwa jiki. Na kwenye sensa ya APS-C milimita 58 inakuona kama 87, safi kwa uso wa mtu mmoja, balaa ukitaka kupiga ukoo mzima sebuleni. Kwa kazi ya kulipwa, tumieni zenu. Mimi nazungumzia kujifunza, na hapo polepole ndiyo faida yenyewe: unachagua tundu, unachagua umbali, kamera haikusaidii kujificha.

Ukiamua, ingia kwenye menyu na uruhusu kamera ipige bila kutambua lenzi. Washa ile huduma inayochora kwa rangi kingo za vitu vilivyo katika fokasi. Kama kamera ina kitulizi cha mtikisiko ndani, iambie mwenyewe kwamba lenzi ni 58, maana haina njia nyingine ya kujua.

Kabla ya kulipa, pitisha mwanga wa tochi ndani ya lenzi. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, ni ukungu, achana nayo, hasa kama unaishi Mombasa au Lamu ambako unyevu utaulisha. Ukikuta Takumar ya 50 f/1.4 yenye kioo cha manjano, usishtuke. Baadhi yake zilitiwa thoriamu kwenye kioo, mnururisho wake ni mdogo, na siku kadhaa juani huondoa umanjano huo. Ila usiivunje wala kuisugua kioo.

Kinachoniudhi mimi ni kwamba picha zinatoka bila jina la lenzi wala namba ya tundu. Kwa hilo ninatumia exiftool, programu ya bure, kwa mstari mmoja:

exiftool -LensModel="Helios 44-2" -FocalLength=58 *.ARW

Namba ya tundu naiandika kwenye daftari, kwa kalamu.