MAONI: JUMA MKUBWA NA JUMA MDOGO KATIKA DAFTARI LA CHAMA

Ndugu wanachama na wanakijiji wote wa Mkuyuni,

Tumezoea mtoto kupewa jina la babu yake. Ni jambo jema, silipingi. Lakini tazameni hesabu yake. Salum mwana wa Juma akipata mtoto wa kiume humwita Juma, na mtoto anaandikwa Juma Salum. Sasa babu mwenyewe, kwa kuwa baba yake alikuwa Salum, naye ni Juma Salum. Jina limezunguka likarudi lilikotoka. Hata wakubwa wamo humo: rais wa kwanza wa Zanzibar alikuwa Abeid Amani Karume, na mwanawe aliyekuwa rais huko toka 2000 hadi 2010 ni Amani Abeid Karume.

Nyumbani hakuna taabu. Mama wa mtoto hawezi kutaja ovyo jina la mkwewe, sembuse kumfokea nalo mtoto, kwa hiyo humwita Babu na mambo yanaisha. (Nimeona kibabu cha miaka mitatu kikichapwa kwa kuiba sukari, na heshima zake zote.) Taabu inaanza penye mizani. Karafuu zimepimwa, karani anaita "Juma Salum!", wanainuka wawili. Ndipo tukaanza kuandika Mkubwa na Mdogo, na siku hizi vijana wameleta Junia.

Mimi sikubali. Mdogo hadi lini? Anakua, anaoa, anapata wajukuu, bado tunamwandika Mdogo. Na Mkubwa akifariki, je, Mdogo anapanda cheo? Akipanda, atakayesoma daftari miaka ishirini baadaye atajuaje ni Juma Mkubwa yupi aliyekuwa na hisa na yupi aliyekopa? Kule Marekani, Martin Luther King alichangia jina na baba yake akaandikwa Junior. Aliuawa 1968 akiwa na miaka 39, na hadi leo ni Junior. Kwao limekaa. Kwetu Junia yumo kwenye daftari la chama, kwenye kitambulisho cha taifa hayumo, halafu tunashangaa malipo yanakwama.

Wapo wanaosema namba ya kitambulisho inatosha. Kweli inatenganisha, maana inaanza na tarehe ya kuzaliwa. Lakini ina tarakimu 20. Nani atazikumbuka akiwa na gunia kichwani?

Na si karafuu tu, jamani. Iko ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeleta hatimiliki za kimila, na hati ni karatasi, haijui sura ya mtu. Sisi Waluguru mtu ni wa lukolo wa mama yake, na shamba la ukoo hufuata njia hiyo hiyo. Babu akifa, shamba la ukoo wake ni la wapwa zake, watoto wa dada zake. Sasa hati ikisema "Juma Salum" basi, mjukuu mwenye jina hilo ataikamata aseme ni yake, na karatasi itamkubalia. Wapwa watabaki wanatazama.

Pendekezo langu ni kwamba mbele ya kila jina, katika daftari la chama na katika kumbukumbu za ardhi za kijiji, liandikwe jina la mama na lukolo wake. Lukolo peke yake hautoshi: baba akimwoa binti wa shangazi yake, mtoto anarudi katika lukolo ule ule wa babu. Lakini mama wa babu na mama wa mjukuu hawawezi kuwa mtu mmoja. Mkubwa, Mdogo na Junia yabaki ya kuitana barazani.

Naomba mkutano mkuu ujao ulijadili. Kwa katibu ni kuongeza safu moja kwa rula. Na wazee wenye wajina wao humu chamani waje kabla ya msimu, wangali hai, waseme wenyewe yupi ni yupi.

Mwanachama