Jivu au Kaa la Moto? Mgonjwa wa Saratani ya Tezi Asinyimwe Picha ya Mwisho

Wahenga walinena kuwa moto huzaa jivu. Aghalabu methali hiyo hutumiwa kumsimanga mwana aliyeshindwa kufuata nyayo za baba yake, lakini leo ningependa kuitumia kwa maana yake ya wazi kabisa. Yeyote aliyewahi kupikia jiko la makaa anajua kwamba moto ukizimika, jivu hubaki. Anajua pia kwamba jivu lililopoa tangu jana na jivu lililofunika kaa jekundu hufanana kwa juu. Macho hayatoshi kuyapambanua. Sharti mtu asogeze kiganja, ahisi joto.

Methali hii ilinijia si zamani sana hapa mtaani Komarock, nilipokuwa mweka hazina wa kamati ya mchango wa kumsaidia kijana wa jirani yangu. Kijana huyo, mwenye umri wa miaka 23, alikuwa amepatikana na saratani ya tezi, ile ambayo madaktari huiita limfoma. Yake ilikuwa ya aina ya Hodgkin, iliyopewa jina la Thomas Hodgkin, daktari Mwingereza aliyeieleza mwaka wa 1832. Kwa miezi 6 alidungwa dawa kali mshipani. Nywele zilinyonyoka, lakini homa za usiku zilikoma, akaanza kula vizuri na mwili ukarudi. Sote tulishukuru. Kisha akapigwa picha ya CT, na karatasi ya majibu ikasema kuwa kifuani mlikuwa na uvimbe uliosalia wa sentimita 3.

Aliyewasomea karatasi hiyo, katika kliniki ambayo sitaitaja, aliwaambia kwa mkato kwamba ugonjwa ungalipo. Mama yake alirudi nyumbani akaanza kutafuta mnunuzi wa kiploti chake kule Joska, ili agharamie dawa nyingine kali zaidi. Daktari wa saratani aliyekuwa akimtibu kijana alipopata habari hizo, alishauri kwamba kwanza apigwe picha ya PET. Jambo hilo lililetwa mbele ya kamati na, nakiri kwa aibu, mimi ndiye niliyelipinga. Nilisema kuwa picha si dawa, na kwamba fedha za wananchi zitumiwe kwa tiba. Kijana mwenyewe aliinuka akasema, “Mzee, nyinyi mwataka nitibiwe tena. Mimi naomba kwanza nijue kama ningali mgonjwa.” Nikanyamaza.

Tangu siku hiyo nimejitahidi kuwauliza wajuzi, na haya ndiyo niliyoyaelewa. Picha ya CT hupima ukubwa na umbo. Lakini uvimbe wa limfoma haukujengwa kwa chembe za saratani peke yake. Katika aina ya Hodgkin, chembe zenye ugonjwa huwa chache mno miongoni mwa nyingine zilizozizunguka. Dawa zikishaziangamiza, kovu laweza kusalia pale pale kwa miezi, hata miaka. CT hulionyesha kovu hilo, lakini haiwezi kusema kama ndani yake mna uhai wa saratani au hamna.

Picha ya PET, ambayo siku hizi hupigwa pamoja na CT katika mtambo mmoja, hupima utendaji. Mgonjwa hufika bila kula kwa saa 6 hivi, hudungwa sukari iliyounganishwa na chembe zenye mnururisho, hupumzika kwa muda wa saa moja, kisha hulazwa mtamboni. Chembe za limfoma zilizo hai aghalabu huwa na ulafi wa sukari, kwa hivyo huinyakua na kung'aa pichani. Kovu halina njaa, nalo haling'ai. Mwaka wa 2009 wataalamu walikutana katika mji wa Deauville, Ufaransa, wakapendekeza kipimo cha alama 5 ambacho hulinganisha mng'ao wa uvimbe na ule wa ini. Alama 1 hadi 3 kwa kawaida humaanisha kuwa ugonjwa umezimika, hata kama uvimbe ungali unaonekana. Alama 4 na 5 ni onyo. Kanuni za Lugano zilizotolewa mwaka wa 2014 zilikitia nguvu kipimo hicho. Kwa ufupi, hicho ndicho kiganja kinachosogezwa karibu na jivu.

Kijana wetu alipigwa picha hiyo. Uvimbe wa sentimita 3 ulikuwepo, lakini haukung'aa. Lilikuwa jivu tupu.

Eneo letu la Afrika Mashariki si geni katika taaluma hii. Mwaka wa 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika juu ya saratani iliyovimbisha taya za watoto. Ni aina ya limfoma ambayo hadi leo hujulikana kwa jina lake. Katika miaka ya 1960, yeye akiwa Kampala na Peter Clifford akiwa Nairobi walionyesha kwamba dawa zaweza kuuyeyusha uvimbe huo. Wakati huo kipimo cha mafanikio kilikuwa macho: taya lililovimba lilirudi hali yake, na kila mtu akaona. Lakini uvimbe uliojificha kifuani au tumboni hauonekani kwa macho ya mzazi wala ya daktari. Nchi ambazo watoto wake waliufundisha ulimwengu kwamba limfoma yaweza kutibika kwa dawa hazistahili kuwaacha wagonjwa wao wakibahatisha kama wamepona.

Ni kweli kwamba tumepiga hatua. Zamani Wakenya wengi waliohitaji picha ya PET walilazimika kusafiri hadi India. Leo mitambo hiyo ipo Nairobi, katika hospitali za kibinafsi na pia katika hospitali ya umma ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Lakini mtambo kuwepo ni jambo moja, na mwananchi wa Komarock, Kayole au Umoja kuufikia ni jambo jingine. Ile sukari ya kudungwa hupoteza nusu ya nguvu zake kila baada ya dakika 110. Haiwekwi ghalani. Mgonjwa aliyekwama katika msongamano wa magari wa Barabara ya Kangundo hangojwi na dawa hiyo.

Hata hivyo, sitaki msomaji adhani kwamba nauinua mtambo huu kuwa mganga asiyekosea. Si kila king'aacho ni saratani. Kifua kikuu, ambacho kimetusumbua sana katika mitaa yetu ya Eastlands, nacho hung'aa. Maambukizi mengine hung'aa vilevile. Ndiyo maana mng'ao unaotiliwa shaka, inapowezekana, hufuatwa na kukatwa kipande kidogo cha uvimbe ili kipimwe katika maabara, kabla mtu hajatiwa katika dawa kali tena. Haraka nayo ina hasara zake. Picha ya mwisho hungojewa wiki 6 hadi 8 baada ya dawa za mshipani, na kama miezi 3 baada ya tiba ya miale, kwa sababu mwili unaopona huwaka kama mwili unaougua. Zipo pia aina za limfoma zisizopenda sukari, ambazo CT huzifaa zaidi. Na mgonjwa aliyepona, asiye na dalili yoyote, hana haja ya kupigwa PET kila mara ili kuutuliza moyo tu.

Basi ninachodai ni nini? Nadai kwamba picha ya mwisho ihesabiwe kuwa sehemu ya tiba, wala si anasa ya mwenye nacho. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, huweka kikomo cha fedha za saratani kwa kila familia kwa mwaka. Dawa zikila fungu lote, mgonjwa hufika mwisho wa safari mikono mitupu, na ndipo hapo swali kuu linapoulizwa. Hapana budi gharama ya picha hiyo itengwe tangu siku ya kwanza, isiguswe na kitu kingine, kwa wale ambao daktari ameona inawafaa. Wapo watakaosema kuwa serikali haina fedha za kuchezea. Nami nawauliza: ni ipi iliyo ghali zaidi, picha moja, au miezi kadhaa ya dawa kali zinazomwagwa juu ya kovu? Na je, yule ambaye kaa lake bado linawaka, akarudishwa nyumbani kwa vigelegele, atalipiwa na nani ugonjwa utakaporudi na nguvu mpya?

Nadai pia, na hili halihitaji bajeti, kwamba asipewe mgonjwa karatasi ya majibu bila maelezo. Neno “uvimbe uliosalia” limewauzisha watu mashamba. Kila aliye katika matibabu haya na amuulize daktari wake mapema: nitapigwa picha gani, lini, na majibu yake yatabadilisha nini? Tena azihifadhi picha zake za mwanzo, kwani bila hizo za mwisho hazina cha kulinganishwa nacho.

Nasi tunaokaa katika kamati za michango tujifunze. Tumezoea kuchangia kitanda, dawa na, Mungu apishe mbali, jeneza. Tujizoeze kuchangia na jibu. Kile kiploti cha Joska hakikuuzwa. Kama kura yangu ingepita siku ile, kingekuwa kimeuzwa, na kijana mzima angekuwa kitandani akitapika dawa za ugonjwa asiokuwa nao.