Si Kila Sarafu ya Fedha Ni Fedha

Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili. Fedha ni yale madini meupe yanayotengenezwa bangili na pete, na fedha vilevile ni pesa zilizo mkobani mwako. Wazee wa Pwani hawakuona ajabu. Katika karne ya 19, wafanyabiashara wa Unguja na Mombasa walihesabiana kwa riale ya Maria Theresa, mtawala wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Riale hiyo ilikuwa na uzito wa gramu 28, na zaidi ya asilimia 80 yake ilikuwa fedha tupu. Haikuandikwa namba yoyote ya thamani. Aliyeishuku aliitia kwenye mizani.

Siku hizi wako watu binafsi wanaotaka kuturudisha huko. Wanasema pesa za karatasi huyeyuka, ila dhahabu na fedha hazioldi. Nani atawabishia, hasa mama aendaye sokoni kila juma na noti ileile akarudi na kikapu kinachozidi kuwa chepesi? Lakini kabla hujatoa akiba yako, sikiliza yaliyotokea Marekani.

Mwaka 1998, Bernard von NotHaus alianzisha sarafu iliyoitwa Liberty Dollar. Sarafu yake moja ilikuwa na aunsi moja ya fedha, yaani gramu 31 hivi, na juu yake paliandikwa dola 10. Wakati huo aunsi ya fedha sokoni ilikuwa ya dola 5 na kitu. Piga hesabu, msomaji. Muuza duka aliyeipokea kwa dola 10 alibaki na madini ya nusu ya bei hiyo. Asipopata mwingine wa kuipokea kwa namba iliyoandikwa, hasara ni yake.

Kulikuwa pia na vyeti vya karatasi, ambavyo fedha yake iliwekwa ghalani huko Idaho. Novemba 2007 maafisa wa FBI walivamia na kuyatwaa madini hayo. Aliyekuwa na sarafu mkononi alibaki na fedha yake. Mwenye cheti alibaki na karatasi, ilhali karatasi ndiyo aliyokuwa akiikimbia! Mwaka 2011 von NotHaus alipatikana na hatia ya kutengeneza sarafu zinazofanana na za serikali, na mwaka 2014 akahukumiwa kifungo cha nyumbani cha miezi 6.

Je, madini hayo yalikuwa bandia? La hasha. Fedha ilikuwa ya kweli, na Aprili 2011 bei yake ilikaribia dola 49 kwa aunsi. Aliyeiweka sandukuni alifaidika. Lakini aliyemfaidi ni uzito wa madini. Namba ya dola 10 haikumwongezea hata senti moja.

Basi akija mtu kwenye chama chenu na sarafu, cheti, au hata dhahabu ya kwenye simu, muulizeni maswali matatu. Ina gramu ngapi, na bei ya gramu leo sokoni ni ngapi? Madini yenyewe yako wapi, na nani huyakagua? Nikitaka kuirudisha kesho, nani atainunua na kwa bei gani? Kumbukeni pia kwamba Katiba ya 2010 imeikabidhi Benki Kuu ya Kenya kazi ya kutoa sarafu ya nchi, na karo ya shule hulipwa kwa shilingi.

Akijibu yote kwa karatasi zinazothibitika, kaeni mfikirie. Akianza kuwaharakisha, mjue mnauziwa mbuzi kwenye gunia. Karo ya mtoto haichezewi kamari. Mwacheni aende na gunia lake.