Kihisio Kilichofichika na Ujira wa Fundi



Naomba tutafakari pamoja jambo linaloonekana dogo, lakini linalogusa mifuko ya familia nyingi na heshima ya mafundi wetu: kubadilisha kihisio cha oksijeni katika gari la zamani, hasa kinapokuwa mahali ambapo mkono haufiki kwa urahisi. Maoni yangu ni kwamba gharama ya kazi hii haimo katika kipuri peke yake, bali imo pia katika saa za fundi. Anayekataa kuzilipa saa hizo humsukuma fundi kwenye udanganyifu, na mwishowe hulipa zaidi.

Kwanza, tufahamu kazi ya kifaa chenyewe. Kihisio hiki, ambacho gereji nyingi hukiita sensa ya oksijeni, hufungwa kwenye bomba la moshi. Hupima oksijeni iliyobaki katika moshi, kisha kompyuta ya gari huongeza au hupunguza petroli kufuatana na kipimo hicho, ili mchanganyiko ukaribie gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Wala si anasa ya magari mapya: Bosch ya Ujerumani ilikiingiza sokoni mwaka 1976, na Volvo ilikuwa ya kwanza kukitumia. Kikifa, kompyuta hubaki kukisia, na mara nyingi hukisia kwa kuzidisha petroli. Plagi huwa nyeusi, tangi huisha upesi, na kile kichujio cha moshi chenye umbo la masega huungua taratibu. Kichujio hicho ni ghali kuliko kihisio. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pili, tutazame ugumu ulipo. Chukueni mfano wa Toyota Harrier ya toleo la kwanza, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1997 na ambayo bado tunakutana nayo barabarani. Ile yenye injini ya lita 3.0 ina silinda sita katika umbo la herufi V, nayo injini imekaa kwa kukingama. Silinda tatu zinatazama mbele, na tatu zimeelekea ukuta unaotenga injini na abiria. Upande huo wa nyuma ndio unaohesabiwa kuwa wa kwanza. Basi mashine ya kusomea hitilafu ikionyesha P0135, yaani hitilafu katika njia ya umeme ya kukipasha joto kihisio cha kwanza cha upande wa kwanza, inamaanisha kile kilichojificha nyuma. Hapo ndipo kishawishi huzaliwa: hubadilishwa cha mbele kwa kuwa kinaonekana, na mwenye gari huondoka akiwa amelipia kipuri kisichohitajika.

Tatu, namba ya hitilafu siyo hukumu. Waya uliokatika, fyuzi iliyoungua au plagi ya umeme iliyoshika kutu huweza kuleta namba hiyohiyo. Vivyo hivyo, P0171 husema kwamba hewa imezidi petroli. Chanzo chaweza kuwa mpira uliopasuka unaoingiza hewa, na kihisio kikawa kizima kabisa. Fundi mwaminifu hupima kwanza kwa mita ya umeme ndipo anapomtuma mtu dukani. Tena, injini ikiwa inachoma oili, kihisio kipya nacho kitachafuliwa. Itengenezwe injini kwanza.

Sasa, kazi yenyewe hufanywaje? Gari huinuliwa kwa jeki na kukalishwa juu ya stendi imara, wala haliachwi kuning'inia juu ya jeki peke yake. Uzi uliogandana hunyunyiziwa mafuta ya kulegeza kutu na kuachwa yafanye kazi. Hutumika boksi spana yenye mwanya wa kupitishia waya, mara nyingi ya milimita 22, pamoja na vyuma virefu vya kuunganishia. Bomba likiwa na uvuguvugu, kihisio hulegea kwa urahisi zaidi kuliko likiwa baridi kabisa. Kihisio kipya hakipakwi grisi kwenye ncha yake, na waya wake hufungwa mbali na bomba lisije likauyeyusha. Anayeharakisha huharibu uzi wa bomba, na kazi ya saa chache hugeuka kuwa ya siku nzima.

Je, ni haki kumwambia mtu aliyelala chini ya gari asubuhi nzima kwamba "umefungua na kufunga tu"? Maneno hayo tumeyazoea mno. Kisha tunashangaa taa ya dashibodi inapozibwa kwa utepe, waya unapokatwa, au kipuri kilichochakaa kinapofutwa masizi na kuuzwa kama kipya! Fundi asiye mwaminifu ana lawama yake, nami simtetei. Lakini mteja anayetaka kazi ngumu kwa bei ya kazi nyepesi ameshiriki kuutengeneza uongo huo.

Wapo watakaosema, "Gari ni la zamani, na bado linatembea." Ni kweli, linatembea. Lakini petroli inayopotea hutoka katika fedha ileile ya karo na ya chakula, na moshi wake huvutwa na watoto wanaosubiri kando ya barabara.

Kwa hiyo, ninyi wenye magari, ombeni vipimo kabla ya kununua, kubalianeni ujira kabla ya gari kuinuliwa, na daini kuonyeshwa kihisio cha zamani. Nanyi mafundi, semeni mapema kwamba mahali ni pagumu, tajeni saa zenu bila aibu, na uzi ukiharibika msifiche. Kazi isiyoonekana na mteja ndiyo inayohitaji uaminifu mkubwa kuliko zote, na uaminifu huo unastahili kulipwa.