Safari hii tunakwenda kuwasoma wao

 

Kuna swali naliona linazunguka sana vijiweni, hasa kwa wale waliomaliza chuo na sasa wanamaliza soli za viatu kwa kutafuta kazi. Wanauliza: hivi ile digrii ya pili ya kusoma nchi mbili tatu kwa mpigo ni ya kweli, au ni usanii wa mjini?

Ni ya kweli, bwana. Inaitwa Erasmus Mundus. Ilianza 2004 na mwenye mfuko ni Umoja wa Ulaya. Vyuo vya nchi tatu au zaidi vinaungana na kutengeneza kozi moja, na mwanafunzi lazima asome katika nchi zisizopungua mbili. Anayebahatika kupata skolashipu halipi ada, na juu yake anapewa euro 1,400 kila mwezi, mpaka miezi 24. Jumla yake ni 33,600. Najua wengine mmeshaacha kusoma mnakimbilia pasipoti. Tulieni kwanza, stori bado mbichi.

Kozi zenyewe ni za kila aina, kuanzia uhandisi mpaka mambo ya samaki. Leo nazungumzia zile za kusoma kanda. Yaani unachukua sehemu moja ya dunia na kuisoma yote kwa pamoja: historia yake, siasa, lugha, dini, mipaka, mpaka ugomvi wao wa kale. Mfano mzuri ni kozi ya Euroculture inayoongozwa na Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi. Humo wamo pia Uppsala ya Sweden, Göttingen ya Ujerumani, Krakow ya Poland, Olomouc ya Czech, Strasbourg ya Ufaransa, Udine ya Italia na Bilbao ya Hispania. Muhula wa kwanza uko nchi hii, wa pili umehamia nchi ile. Wa tatu unaingia ofisini kujifunza kazi au unafanya utafiti, na wa nne unakaa chini kuandika tasnifu.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu aliposikia habari hiyo alicheka mpaka kofia ikaanguka. Akasema, "Yaani mwanangu mtu apande ndege kwenda Ulaya kusomea Ulaya? Si sawa na kwenda Kigoma kusomea dagaa?"

Nikamwambia, "Haswa, mzee wangu! Dagaa utawajulia wapi vizuri kama si Kigoma?"

Tena hapo ndipo utamu wa jambo lenyewe ulipo. Hebu tujiulize, kusoma kanda za watu kulianza vipi? Mwaka 1887 Wajerumani walifungua shule ya lugha za mashariki pale Berlin, na Kiswahili kikawemo. Si kwamba walikipenda sana. Walikuwa na koloni huku kwetu na walihitaji maofisa wanaoweza kutoa amri zikaeleweka. Waingereza nao wakaanzisha shule yao London mwaka 1916, kwa hesabu zinazofanana na hizo. Mtu anakusoma ili akutawale vizuri!

Na walimu waliwatoa wapi? Huku huku. Mwaka 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho Carl Velten alikitoa mwaka 1903. Mtoro akaoa Mjerumani. Mwaka 1905 alipotaka kurudi nyumbani na mkewe, wakuu wa koloni wakamzuia mama yule kushuka Dar es Salaam. Wakageuza wote wawili, na Mtoro akafia Berlin mwaka 1927. Huyo ndiye mtu aliyewaeleza Wajerumani sisi ni nani. Walichukua elimu yake, ila kumwachia ashuke bandarini kwao na mkewe ikawa noma.

Ndiyo maana nasema kijana wa Temeke, Kawangware au Kampala akienda kuisoma Ulaya, hilo ni jambo la maana kuliko mshiko wa kila mwezi. Sasa daftari limebadili mkono.

Lakini daftari tupu halisaidii. Lazima uende na swali lako mwenyewe, na sisi maswali tunayo kibao. Chukua huo mji wa Strasbourg. Kati ya 1871 na 1944 ulibadili mwenyewe mara 4: Wajerumani, Wafaransa, Wajerumani tena, kisha Wafaransa. Bibi aliyezaliwa pale mwaka 1865 na kuishi miaka 80 amebadilishiwa bendera mara zote hizo bila kuhama nyumba. Mwanafunzi wa Kifaransa anaijua stori hiyo tangu utotoni. Wewe wa Tanga au Bukoba una cha kuongezea: mkataba ule ule wa Versailles wa 1919 ulioirudisha Strasbourg kwa Wafaransa ndio uliomnyang'anya Mjerumani koloni lake la huku kwetu, sehemu kubwa ikawa Tanganyika ya Mwingereza. Karatasi moja, kalamu moja, bibi wa Strasbourg na bibi wa Tanga wote wakapata serikali mpya. Ukiingia darasani na jambo kama hilo, profesa ataweka kahawa chini akusikilize.

Na hiyo ndiyo siri ya barua ya maombi, maana barua hiyo inasomwa kweli. Wengi wanaandika "napenda sana kujifunza tamaduni mbalimbali." Ala! Nani hapendi? Andika unataka kujua nini, kwa nini ni wewe, na kwa nini ni vyuo hivyo. Maombi kwa kawaida yanapokelewa kati ya Oktoba na Januari, unapeleka moja kwa moja kwenye kozi yenyewe, na wanaochagua ni vyuo vyenyewe. Kwa hiyo bwana yeyote anayekuambia ana mtu wake ndani, umpe laki tano akusogezee jina, mtolee salamu na uondoke.

Sasa tuje kwenye machungu, maana sitaki mtu aje kunilaumu. Ile euro 1,400 ndiyo kila kitu: nauli, viza, chumba, msosi, koti la baridi. Nchi nyingine hazina ubalozi Dar, viza unaifuata Nairobi. Ukishazoea mji, muhula umekwisha, unafunga begi na kuanza upya: fomu mpya za uhamiaji, chumba kipya, amana mpya. Ujerumani sheria inamruhusu mwenye nyumba kudai amana mpaka kodi ya miezi 3. Groningen vyumba ni vya kugombania, na mwaka 2018 kuna wanafunzi wa kigeni walilala kwenye mahema. Uppsala mwezi wa Desemba jua linazama kabla ya saa tisa alasiri. Unatoka darasani usiku umeingia, na huna hata jirani wa kumpigia hodi.

Marafiki nao ni wa muhula mmoja mmoja. Unampata wa kucheka naye, kesho yeye anakwenda Italia, wewe Poland. Na darasani hakuna mzaha. Kozi ya miaka miwili ina mikopo 120 ya masomo, na kila mmoja unahesabiwa kazi ya saa 25 mpaka 30. Anayedhani atasoma mchana na kubeba boksi usiku kucha ajue mwili una kikomo.

Halafu lipo swali la mama nyumbani: ukirudi utafanya kazi gani? Hilo ni swali la haki. Hakuna tangazo linalosema "anatafutwa mtaalamu wa Ulaya." Lakini tazama mambo yanavyokwenda. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zilitia saini mkataba wa biashara kati ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, Tanzania ikagoma. Kenya ikaendelea peke yake, na mkataba wake ukaanza kufanya kazi Julai 2024. Nyuma ya neno "saini" kuna mafungu ya makaratasi kuhusu maua, maziwa na ushuru. Wenzetu wa Brussels wana watu waliotusoma sisi tangu enzi za Mtoro. Upande wetu wa meza nani amewasoma wao kiasi hicho? Nafasi hiyo ipo, wizarani, magazetini, Arusha kwenye Jumuiya, hata kwenye kampuni ya kuuza kahawa. Ila haitakuja kukugongea mlango. Itabidi uionyeshe wewe.

Kwa hiyo mshikaji, kama unachotaka ni kufika majuu tu, utapata baridi na upweke kwa malipo ya mwezi. Kama kuna kitu kinakukereketa kuhusu hawa jamaa na jinsi walivyotuandika, jaza fomu. Andika na wewe.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.