"Wameisha, Subiri Mwezi Ujao": Neno Linalokula Biashara Yako ya Mtandaoni

Leo siongelei chanjo wala chakula. Naongelea soko, na najua wapo watakaonuna, maana nitasema jambo ambalo vijana wengi wanaouza mtandaoni hawapendi kulisikia: yule jirani yako anayefuga kuku kama wako na kuuza WhatsApp kama wewe, ndiye mtu wa kwanza unayepaswa kufanya naye kazi.

Nianze na kisa. Kijana mmoja wa kata yangu, huku Pwani, alinipigia simu usiku. "Bwana shamba, nina kuku 300, leo wana wiki sita na siku mbili, nimeuza 40 tu. Nifanyeje?" Huyu kijana si mvivu. Banda lake safi, vifo vichache, chanjo anafuata ratiba. Instagram ana wafuasi zaidi ya elfu sita na picha zake zinavutia kweli.

Kesho yake nikaenda. Nikamwambia, mdogo wangu, fungua simu tusome meseji za wateja wa mkupuo uliopita. Tukakuta mama mmoja mwenye mgahawa Sinza. Alichukua kuku 25, akashukuru. Wiki iliyofuata akauliza kama wapo wengine. Jibu: "Wameisha, subiri mwezi ujao." Baada ya wiki mbili akauliza tena. Jibu: "Bado mama, vifaranga ndio kwanza wameingia." Kuanzia hapo kimya. Kijana alimtumia picha za hawa kuku 300, tiki za bluu zikaonekana, jibu hakuna.

Sio kwamba mama alikuwa na roho mbaya. Ana mgahawa, watu wanakula kila siku. Hawezi kuwaambia wateja wake kuku wa bwana fulani bado wanakua. Alitafuta mtu mwingine, akampata, akabaki naye.

Tulipoendelea kusoma tukakuta wateja wengi wa namna hiyo. Hakuna hata mmoja aliyeondoka kwa sababu ya bei, wala kwa sababu kuku walikuwa wabaya. Wote waliondoka kwenye neno moja: wameisha.

Banda moja halilishi mteja wa kila wiki

Tupige hesabu kidogo. Kuku wa nyama anakaa bandani wiki 5 hadi 6. Akitoka, unahitaji kama wiki 2 za kutoa maranda, kuosha, kupulizia dawa na kulipumzisha banda. Jumla wiki 8. Maana yake mwenye banda moja ana kuku wa kuuza kwa siku chache tu katika kila wiki 8. Siku nyingine zote anatuma picha za vifaranga.

Mbaya zaidi, siku hizo chache zikifika anakuwa na haraka. Kuku akipita wiki ya sita anaendelea kula sana, lakini faida ya kile anachokula inazidi kupungua. Kuku 300 wa umri huo wanamaliza karibu mfuko mzima wa kilo 50 kwa siku moja. Kila siku unayokosa mteja, mfuko mmoja unaondoka. Ndiyo maana vijana wengi wanaishia kumpigia mchuuzi na kukubali bei yoyote. Na yule kijana wangu alifanya hivyo hivyo.

Sasa chukua vijana wanne, kila mmoja na banda lake. Wakiingiza vifaranga siku moja, wote watauza wiki moja na kugombania wateja wale wale, halafu wote watakaa bila kuku. Lakini wakipishana wiki mbili mbili, kila baada ya wiki mbili kuna banda linatoa kuku. Mmoja anapomalizia kuuza, mwingine anaanza. Kwa mteja wa Sinza, kuku hawaishi kamwe. Hakuna aliyejenga banda jipya, hakuna aliyekopa. Wamepanga kalenda tu.

Hata kwenye mboga ni hivyo hivyo. Wenye nyanya, hoho au kabichi mkipanda wiki moja mnajaza soko pamoja na kukosa pamoja. Mkipishana kwenye kitalu, mnapokezana mteja.

"Ataniibia wateja"

Hili ndilo jibu ninalopewa kila nikitaja habari hii. Naelewa hofu hiyo. Mteja wa mtandaoni umempata kwa jasho, umelipia bando, umejibu meseji mpaka saa tano usiku.

Lakini jiulize: unapomwambia "wameisha," unadhani anaenda wapi? Anaenda kwa mtu mwingine vilevile. Tofauti ni kwamba huyo mtu humjui, hujaelewana naye chochote, na hupati hata senti. Ukimpeleka kwa mwenzako mlieelewana, mteja anahudumiwa na bado ni wako.

Chukua mfano. Kuku mnauza shilingi 9,000. Mteja wako anataka 25 na wewe banda ni tupu. Mwenzako anatoa kuku kwa 8,500, wewe unamuuzia mteja kwa bei ile ile, unabaki na 500 kwa kila kuku. Hiyo ni 12,500 bila kununua hata kilo moja ya chakula. Mwezi ujao kibao kinageuka, wewe ndiye unayetoa mzigo na yeye anapata 500 zake. Wengine watasema huo ni udalali. Sawa, ni udalali, ila leo dalali ni wewe, kesho ni yeye, na kuku ni wa kwenu wote.

Na jambo hili halikuanza na simu. Wakulima wa kahawa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na kufikia mwaka 1933 kikazaliwa KNCU. Waliona mkulima mmoja na gunia lake hana sauti mbele ya mnunuzi. Leo gunia limekuwa posti ya Instagram, ila mmoja bado ni mmoja.

Kosa langu mimi mwenyewe

Nisije nikaonekana najua yote. Miaka michache iliyopita niliwakusanya vijana watano, nikawahubiria umoja kwa saa mbili, nikawafungulia kundi la WhatsApp. Tukakubaliana namba moja ya simu ipokee oda zote na hela zote. Tulipiga makofi, tukapiga picha.

Haikumaliza miezi mitatu. Mmoja alileta kuku wadogo kwenye oda ya harusi, lawama zikamwangukia mwingine. Mwenye namba ya kupokea hela alichelewa kuwalipa wenzake, mwanzoni siku mbili, baadaye wiki mbili. Siwezi kusema alikuwa mwizi. Alikuwa na mgonjwa nyumbani na hela za watu zilikuwa kwenye simu yake. Lakini waliokuwa wanadai hawakulipwa kwa wakati, na wawili kati yao hawasalimiani mpaka leo. Ni majirani, mabanda yao yanaonana.

Lawama ile naibeba mimi. Niliwaambia wapendane, sikuwaambia kuku awe na kilo ngapi, hela ipite wapi, na nani anajibu mteja akilalamika. Umoja bila makubaliano ya vitu vidogo unazaa uadui mkubwa. Kwa hiyo siku hizi, kijana akija na habari ya kushirikiana, namwambia kwanza andikeni haya, hata kwenye karatasi ya daftari, kila mtu asaini:

1. Uzito na muonekano. Mfano: kuku aliyechinjwa na kusafishwa asipungue kilo 1.2. Asiyefika hapo haendi kwenye oda ya mwenzako, hata kama ni rafiki yako wa damu.

2. Hela. Kila mmoja awe na lipa namba yake. Aliyepokea oda anamlipa mwenzake siku ile ile mzigo unapotoka. Msiwe na mfuko wa pamoja mpaka mmefanya kazi angalau mwaka mzima na kuzoeana.

3. Mteja ni wa nani. Aliyemleta ndiye anayeongea naye. Mwenye mzigo haweki karatasi yenye namba yake ndani ya mfuko wa mteja wa mwenzake.

4. Malalamiko. Mzigo ukirudishwa, aliyeutoa ndiye anayebeba hasara. Aliyeuza ndiye anayeomba radhi.

5. Kalenda. Tarehe za kuingiza vifaranga zinaandikwa na kubandikwa ukutani kwa kila mmoja. Anayetaka kubadilisha anasema wiki mbili kabla.

Na muanze wawili. Wawili wakidumu mikupuo mitatu bila ugomvi, mwongezeni wa tatu.

Wasiofuga pia ni wenzako

Kuna aina ya pili ya mwenza ambayo vijana wengi hawaioni kabisa. Huyu hauzi unachouza wewe, lakini anamuuzia mtu yule yule. Dada anayeuza mchele wa Kyela mtandaoni. Kaka wa viungo vya pilau. Mwenye mayai. Anayepikia watu wa maofisini. Hao wote wanaongea na jikoni lile lile unalolitafuta.

Faida ya kwanza ni usafiri. Bodaboda akipeleka mzigo Tabata kwa 5,000, mkigawana watatu kila mmoja anatoa chini ya 1,700. Faida ya pili ni uaminifu. Mteja aliyenunua mchele kwa dada yule miaka miwili, akiambiwa "kuku mzuri chukua kwa huyu," anachukua. Picha zako mia moja hazifikii sentensi hiyo moja. Na kumbuka, orodha ya matangazo ya WhatsApp inamfikia tu mtu aliyehifadhi namba yako. Kutambulishwa na mtu anayeaminiwa ndiyo njia nzuri ya kumfanya mteja aihifadhi.

Ila usimwendee mtu na meseji ya "naomba tushirikiane." Hiyo kila mtu anaituma na hakuna anayeijibu. Nunua kwake kwanza, hata kilo tano. Uone anavyofungasha, anavyojibu, kama anafika kwa wakati. Mtu anayewazingua wateja wake atawazingua na wako. Ukiridhika, mwandikie hivi: "Habari dada. Mimi ndiye niliyenunua mchele wako wiki iliyopita, nimeupenda. Nafuga kuku wa nyama, Jumamosi napeleka oda Tabata na Mbezi. Kama una mizigo ya huko, tugawane bodaboda. Nitakuletea na kuku mmoja umwonje." Hapo umeleta jambo moja, lenye siku na faida, na kukataa kwake hakumpotezei kitu.

Tahadhari mbili na nimalize

Ya kwanza, namba za wateja. Usimpe mwenzako orodha ya namba za watu eti kwa sababu mnashirikiana. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Hata kama sheria isingekuwepo, mteja alikupa wewe. Muulize kwanza: "Mama, kuku wangu bado, naweza kukuunganisha na mwenzangu?" Neno moja tu, na heshima inabaki.

Ya pili, na hapa naongea kama bwana shamba wenu: shirikianeni wateja, msishirikiane magonjwa. Mdondo na gumboro vinasafiri kwa viatu, matenga na mikono. Kuku wa mwenzako wachukulieni getini, msiingie bandani. Tenga likirudi lioshwe na kupuliziwa dawa kabla halijakaribia kuku wako. Kuku wakiumwa, mwambie mwenzako siku hiyo hiyo. Anayeficha ugonjwa ili asikose oda huyo si mwenza, mwondoeni mapema.

Yule kijana wangu sasa anafanya kazi na mwenzake mmoja, barabara ya pili kutoka kwake, mtu ambaye kwa miaka miwili alikuwa hamfuati hata kwenye Instagram. Wanapishana wiki nne nne. Bado wana mapengo, kwa hiyo wanamtafuta wa tatu. Mama wa Sinza hajarudi mpaka leo, na sidhani kama atarudi. Lakini wiki iliyopita nilipopita pale banda lilikuwa tupu, limepigwa chokaa, na kijana alikuwa kwenye simu anamjibu mtu: "Wapo mama, unataka wangapi?"

Tukutane shambani.